Sura ya Sita: Alama Mbili Zimekwenda Wapi?

"Mwalimu, mbona hapa nimejibu na umenipa moja tu kati ya tatu?"

Swali hili husikika kila karatasi za kemia zinaporudishwa darasani. Jioni mzazi hulirudia kwa maneno yake: mtoto anasoma, daftari limejaa, ukimuuliza anakueleza vizuri tu, sasa hizo alama zinapotelea wapi? Jibu la haraka ni kwamba mtoto hajui kemia. Mara nyingi si kweli. Anaijua, ila nusu ya anachokijua imebaki kichwani, na msahihishaji hana namna ya kuisoma huko.

Sura hii inahusu maswali mafupi yenye vipengele. Juu kuna maelezo kidogo, pengine mchoro au jedwali, kisha zinafuata (a), (b), (c), kila kimoja na alama zake pembeni: moja, mbili, tatu, mara chache zaidi ya hapo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, KCSE, karatasi ya kwanza ya kemia yote ni maswali ya aina hii: alama 80 kwa saa 2. Tanzania, karatasi ya nadharia ya kidato cha nne ina alama 100 kwa saa 3, na katika muundo wa miaka ya karibuni sehemu B, yenye maswali haya, imebeba alama nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwanafunzi anaweza kuwa hodari wa kuchagua herufi sahihi kwenye sehemu A na bado akaangukia hapa.

## Anayesoma jibu lako anatafuta nini

Msahihishaji ana mwongozo wa kusahihisha mbele yake. Huo ni orodha ya mawazo yanayokubalika kwa kila kipengele, pamoja na alama ya kila wazo. Haulizi kama mwandiko unapendeza au kama sentensi ina mvuto. Anatafuta wazo la kwanza, akiliona anaweka tiki. Anatafuta la pili, halipo, anaendelea na safari. Hana ruhusa ya kusema, "Huyu bila shaka alimaanisha hivi."

Jambo jingine ambalo wanafunzi hawaambiwi: katika mitihani mikubwa ya taifa, kazi hugawanywa. Msahihishaji mmoja hupewa maswali machache, akimaliza karatasi inakwenda kwa mwenzake. Anayesoma swali lako la saba huenda hajawahi kuona la pili. Kwa hiyo "kama nilivyoeleza hapo juu" ni maneno ya hasara. Kila kipengele kijitegemee.

Tuone kwa mfano. Chukua swali hili, ambalo kwa sura mbalimbali limewasumbua wanafunzi wengi:

*Kipande cha marumaru kilitiwa kwenye asidi ya salfyuriki iliyochanganywa na maji. Mapovu yalitoka kwa muda mfupi kisha yakakoma, ingawa marumaru na asidi vilikuwa bado vimebaki. Eleza. (alama 3)*

Marumaru ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo katika mawe ya chokaa ya Wazo au Bamburi. Asidi, ambayo wengine huiita tindikali, ikikutana nayo hutokea mmenyuko, yaani vitu vinabadilika kuwa vitu vipya. Hapa vitu vipya ni gesi ya kaboni dayoksaidi, maji na kalsiamu salfeti. Sasa tazama majibu manne.

Wa kwanza anaandika: "Kwa sababu mmenyuko umekoma." Sifuri. Amelirudia swali na kumkabidhi mwenyewe.

Wa pili: "Kwa sababu kumetokea kalsiamu salfeti." Alama moja. Ametaja mhusika, hajasema amefanya nini.

Wa tatu: "Kumetokea kalsiamu salfeti ambayo haiyeyuki vizuri majini." Alama mbili. Huyu ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu amefika mlangoni akasimama.

Wa nne: "Kumetokea kalsiamu salfeti ambayo haiyeyuki vizuri majini. Imeufunika uso wa marumaru, asidi ikashindwa kuyafikia tena." Alama tatu.

Wa tatu na wa nne wamesoma kitabu kimoja, na ninaamini ungewauliza ana kwa ana wangekueleza sawasawa. Wa tatu aliona mambo yaliyobaki ni dhahiri mno kuandikwa. Katika kemia ya mtihani, lililo dhahiri nalo lina alama.

Dawa yake ni swali dogo la kujiuliza kila unapoweka nukta: *kwa hiyo?* Kumetokea kalsiamu salfeti. Kwa hiyo? Haiyeyuki vizuri. Kwa hiyo? Inafunika uso wa marumaru. Kwa hiyo? Asidi haifiki, mapovu yanakoma. Umefika kwenye jambo lililotajwa na swali lenyewe, basi simama. Ukiendelea baada ya hapo unaandika bure.

Swali hilohilo likiulizwa kwa asidi ya haidrokloriki, hadithi inageuka: kalsiamu kloridi inayotokea huyeyuka, uso wa marumaru unabaki wazi, na mapovu yanaendelea mpaka kimoja kati ya viwili hivyo kiishe. Aliyekariri jibu la kwanza bila kuelewa mnyororo wake hulibandika hapa pia. Watunga mitihani wanalijua hilo.

## Hesabu kabla ya kushika kalamu

Namba iliyo pembeni mwa swali ni msaada wa bure, na bado wengi huipita kama hawajaiona. Alama 3 maana yake kuna mawazo matatu yanayotafutwa, au hatua tatu za hesabu. Ukiwa umeandika wazo moja kwa ufasaha mkubwa, bado unadaiwa mawili.

Namba hiyo pia inakugawia muda. Karatasi ya kwanza ya KCSE ni dakika 120 kwa alama 80, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Ya Tanzania ni dakika 180 kwa alama 100, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 2 likikushikilia dakika kumi, umeshakula muda wa swali jingine zima. Weka alama ya nyota pembeni, songa mbele, urudi baadaye.

Kwa Kenya, na kwa mtihani wa kidato cha pili wa Tanzania, majibu huandikwa kwenye nafasi zilizoachwa katika karatasi ya maswali, hivyo hata ukubwa wa nafasi unakunong'oneza urefu wa jibu. Kidato cha nne Tanzania huandika kwenye kijitabu tofauti, ukurasa mtupu, na hapo ndipo mkono hutelezea kwenye insha. Anayefanya mtihani huo hana kipimo kingine isipokuwa ile namba.

## Amri ya swali

Karatasi zenyewe, kwa nchi zote mbili, ni za Kiingereza, kwa hiyo nitaziacha amri hizi kama mtahiniwa anavyozikuta.

- Name, State, Give: jibu ni neno, jina au sentensi moja. Sababu haijaulizwa. Usiitoe.
- Describe: sema kinachofanyika au kinachoonekana, kwa mpangilio wake.
- Explain, Give a reason: hapa ndipo penye mnyororo wa *kwa hiyo*.
- Calculate: namba, hatua na kipimo.
- Distinguish, Compare: pande zote mbili zitajwe.
- Suggest: tumia unachokijua kwenye jambo ambalo hujawahi kufundishwa.

Mbili za mwisho zinahitaji neno zaidi.

Ukiulizwa kwa nini grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli, hupitisha umeme na almasi haipitishi, wengi huandika: "Grafiti ina elektroni zilizo huru." Kweli, lakini almasi iko wapi? Zote mbili ni kaboni tupu. Katika grafiti kila atomu ya kaboni imeshikana na nyingine tatu, ikabakiwa na elektroni moja iliyo huru kutembea. Katika almasi, hata ile ya Mwadui, kila atomu imeshikana na nyingine nne na hakuna elektroni iliyobaki. Sentensi mbili, kila moja kwa upande wake. Neno "lakini" au "ilhali" katikati ya jibu ni dalili nzuri kwamba umelinganisha kweli.

*Suggest* huwatisha watu kwa sababu haimo kwenye madesa. Mwanafunzi aliyezoea kupewa majibu tayari tuisheni hutazama swali kama hili akaona limetoka nje ya silabasi: *Mpishi huchemsha makande kwa magadi kwenye sufuria ya alumini. Baada ya muda sufuria hupoteza mng'aro na kuchakaa. Pendekeza sababu. (alama 3)*

Silabasi haina mada ya makande. Ina mada ya alumini, na humo kuna mambo mawili. La kwanza, alumini hudumu kwa sababu imevaa utando mwembamba wa oksaidi yake unaoizuia isishambuliwe. La pili, oksaidi hiyo humenyuka na asidi na vilevile na alkali, yaani vitu vya upande wa pili vinavyogeuza litimasi nyekundu kuwa ya buluu. Mmumunyo wa magadi, yaani magadi yaliyoyeyushwa majini, ni alkali. Basi jibu limejiunga lenyewe: magadi ni alkali, alkali inaula utando wa oksaidi, alumini inabaki wazi na kushambuliwa. Swali liliazimwa jikoni, kemia ikabaki ileile ya darasani.

## Umeona nini?

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa sijui sehemu nyingine inayomwaga alama za wazi kama hii.

Kemia huzungumza katika ngazi tatu. Kuna ya macho: rangi, mapovu, harufu, joto. Kuna ya chembe zisizoonekana: atomu, molekuli (atomu zilizoshikana pamoja) na ayoni (atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme). Na kuna ya maandishi: fomula na milinganyo. Mwalimu anayefundisha hupanda na kushuka ngazi hizi mara kumi kwa dakika bila kujitambua. Swali la mtihani, kinyume chake, huuliza kwenye ngazi moja, na jibu la ngazi nyingine halipati kitu hata likiwa kweli tupu.

Chukua kipande cha zinki, ukitie kwenye mmumunyo wa mrututu, yale mawe ya buluu ambayo kemia huyaita kopa salfeti, yaani salfeti ya shaba. Ukiulizwa *utaona nini*, jibu ni la macho:

1. Rangi ya buluu inafifia mpaka mmumunyo unabaki bila rangi.
2. Kitu kigumu cha rangi ya wekundu wa kahawia kinajikusanya juu ya zinki au chini ya chombo.

Mwanafunzi anaandika: "Zinki inaisukuma shaba itoke kwenye kopa salfeti." Ni kweli, tena ni maelezo mazuri ya kilichotokea. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuona hilo kwa macho. Hayo ni maelezo ya sababu, na yangepata alama kama swali lingekuwa *eleza*. Mwingine anaandika mlinganyo kamili, umesawazishwa, safi. Sifuri vilevile.

Gesi ndiyo mtego mkubwa zaidi. Magnesiamu ikitiwa kwenye asidi ya haidrokloriki, karatasi nyingi zitasema "haidrojeni ilitoka". Haidrojeni haina rangi wala harufu, uliijuaje? Ulichoona ni mapovu, na magnesiamu ikipungua mpaka ikaisha. Kwamba mapovu yale ni haidrojeni ni jambo la kuthibitisha kwa kuweka njiti inayowaka mdomoni mwa neli na kusikia mlio mdogo wa "pop".

Majaribio ya gesi nayo yana namna yake ya kuandikwa: ulichofanya, kisha ulichoona. "Tumia kijiti" si jibu la kuitambua oksijeni. Kijiti kilichozimwa moto kikabaki na kaa jekundu, kikiingizwa kwenye gesi, kinashika moto upya: hilo ni jibu. Ukiandika "kijiti kinawaka" bila kusema kilikuwa na kaa tu, msahihishaji haelewi kama unaongelea oksijeni au haidrojeni. Kwa kaboni dayoksaidi, ipitishe gesi kwenye maji ya chokaa; yanageuka meupe kama maziwa.

Mengine matatu kuhusu macho, kwa haraka. Taja rangi ya mwanzo na ya mwisho, kwa sababu "iligeuka kijani" inaacha nusu ya hadithi. Usichanganye *angavu* na *bila rangi*: mmumunyo wa mrututu ni angavu, unaona upande wa pili, na bado ni wa buluu. Na kama hakuna kilichobadilika, andika kwamba hakuna badiliko lililoonekana. Nafasi uliyoiacha tupu na badiliko ambalo halikutokea havifanani mbele ya msahihishaji.

Kwa ufupi: kabla ya kujibu, jiulize swali linataka macho, chembe au maandishi. Likisema *utaona nini*, andika ambacho hata mtu asiyejua kemia angekiona akisimama pale.

## Nani anatembea?

Kwenye ngazi ya chembe kosa linalorudiwa ni kumtaja mhusika asiye wake. Chumvi ya mezani ikiwa kavu haipitishi umeme. Ikiyeyushwa majini inapitisha. Kwa nini? Majibu mengi husema "elektroni zinakuwa huru". Si elektroni. Ni ayoni za sodiamu na za kloridi, ambazo katika chumvi kavu zimeshikiliwa mahali pamoja na majini zinaweza kutembea. Elektroni huru ni za metali na grafiti. Neno moja lisilo lake, na alama ya wazo hilo imekwenda, hata kama sentensi nyingine zote zimenyooka.

Ndugu yake ni swali la kuchemka. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, huchemka kwenye takriban nyuzi 60 chini ya sifuri, ingawa molekuli yake ni nzito kuliko ya maji. Mtahiniwa anaandika kwamba kifungo kati ya haidrojeni na oksijeni ni imara sana. Kingekuwa ndicho kinachokatika, sufuria ya chai ingetoa haidrojeni na oksijeni jikoni. Mvuke bado ni maji. Kinacholegea ni mvutano kati ya molekuli moja na nyingine, na katika maji mvutano huo ni mkubwa kwa sababu ya vifungo vya haidrojeni vilivyo kati ya molekuli hizo.

## Hesabu: onyesha njia

Pwani yetu imechoma chokaa kwa karne nyingi, kwa kupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo na kuwasha moto. Hesabu yake ni hii: *Kilo 50 za kalsiamu kaboneti safi zilichomwa mpaka zikavunjika zote. Kokotoa tungamo la kalsiamu oksaidi iliyopatikana. (Ca = 40, C = 12, O = 16) (alama 3)* Tungamo ni kiasi cha maada, kinachopimwa kwa gramu au kilo.

Mlinganyo: CaCO₃ → CaO + CO₂

Tungamo la CaCO₃ ni 40 + 12 + (16 × 3) = 100; la CaO ni 40 + 16 = 56.

Kilo 100 hutoa kilo 56, kwa hiyo kilo 50 hutoa 56 × 50 ÷ 100 = kilo 28.

Mwenye kuandika "28" peke yake amejiweka roho juu. Kwanza hakuna kipimo: 28 za nini? Pili, siku atakapopata 26 kwa kuteleza kwenye kujumlisha, hatakuwa na hatua ya kumtetea. Aliyeonyesha njia akateleza mahali pamoja, kwa kawaida hupoteza alama ya mahali pale tu.

Ukiwa na nusu dakika, hakiki. Gesi iliyotoka ni 44 kwa kila 100, yaani kilo 22. Na 28 + 22 = 50. Hakuna kilichopotea.

Kwenye hesabu za mimumunyo, kosa sugu ni kusahau kwamba ukolezi, yaani wingi wa kitu ndani ya mmumunyo, huhesabiwa kwa kila lita, huku swali likikupa sentimita za ujazo. Gawanya kwa 1,000 kwanza. Jibu likikuambia kwamba sentimita za ujazo 25 za asidi zina mamia ya moli (moli ni fungu la kuhesabia chembe, kama dazeni lakini kubwa mno), ujue hukugawanya.

## Vitu vidogo vinavyokula alama

Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni monoksaidi, gesi ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha. Mwandiko wa haraka haujali tofauti hiyo, mwongozo wa kusahihisha unaijali. Herufi ya kwanza ya alama ya elementi ni kubwa, ya pili ni ndogo, hakuna majadiliano. Mlinganyo usiosawazishwa pia ni hasara, na ukisawazisha, gusa namba za mbele tu. Anayebadilisha H₂O kuwa H₂O₂ ili hesabu itimie ametengeneza kitu kingine kabisa.

Angalia pia maneno yasiyo na mwenyewe. "Inaongezeka kwa sababu inakuwa kubwa." Nini inaongezeka? Kasi? Joto? Ujazo? Taja kitu kwa jina lake hata kama umekitaja mstari uliopita.

Halafu kuna ugonjwa wa kuandika sana. Swali linataka gesi moja, mtu anaandika mbili akitumaini mojawapo itapita. Kwa kawaida jibu sahihi likiwekwa pamoja na kosa linalolipinga, kosa hulifuta. Msahihishaji haruhusiwi kukuchagulia. Kama hujui, chagua mwenyewe.

## Kujizoeza

Kufanya mitihani iliyopita ni kuzuri, lakini wengi huifanya kwa namna isiyofundisha: wanajibu, wanafungua majibu, wanasema "aa, nilijua hii", wanaendelea. Hiyo "nilijua" ndiyo adui. Jisahihishe kama mgeni. Weka tiki kwa kilichoandikwa, si kwa kilichokusudiwa. Afadhali zaidi, badilishaneni na mwenzako na mkatazane kujitetea.

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, wenye nakala za majibu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, mazuri na mabovu, pamoja na sababu ya kufaulu au kuanguka kwake. Baraza la Kenya nalo hutoa ripoti za KCSE. Kwa maoni yangu, jioni moja na ripoti hizo inashinda wiki nzima ya kukremu, na ninashangaa ni shule ngapi hazizifungui kabisa.

Tumalizie kwa zoezi la kusahihisha. Shika kalamu nyekundu.

*Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hayatoi povu upesi kwa sabuni. Yakichemshwa na kuchujwa, yanatoa povu. Eleza. (alama 3)*

Mwongozo: maji yana kalsiamu haidrojeni kaboneti iliyoyeyuka (1), kuchemsha kunaivunja kuwa kalsiamu kaboneti isiyoyeyuka (1), ayoni za kalsiamu, zinazoshikana na sabuni na kuiharibu, zimeondolewa (1).

Jibu A: "Maji ya kisima yana chumvi, yakichemshwa chumvi inatoka."

Jibu B: "Ni maji magumu, yana kalsiamu haidrojeni kaboneti. Ukiyachemsha yanakuwa maji laini."

Jibu C: "Yana kalsiamu haidrojeni kaboneti. Joto huivunja ikawa kalsiamu kaboneti isiyoyeyuka, inayobaki kwenye chujio. Ayoni za kalsiamu zinapungua, sabuni haiharibiki tena."

Jibu D: "Yana kalsiamu haidrojeni kaboneti. Joto huivunja ikawa kalsiamu kaboneti isiyoyeyuka na gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia sabuni kutoa povu."

A ni sifuri: chumvi gani? Ile ya mezani haitoki kwa kuchemshwa. B ana moja. "Maji laini" ni jina la matokeo, hajasema yamepatikanaje. C ana tatu. D ndiye wa kubishania. Gesi ni kweli hutoka, na sentensi zake mbili za kwanza zina tiki zake. Ya tatu imemkamata asiyehusika, kwa sababu kilichokuwa kikiiharibu sabuni ni kalsiamu, na kalsiamu iko kwenye chujio. Mpe mbili.